Saa Moja na Mwanangu, Chini ya Kalamu ya Bi. Fadhiya

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa muhogo kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa ufupi, kisha tuendelee na aibu zangu.

Mimi ni Kingi, karani wa yadi ya makontena pale Shimanzi, Mombasa. Mimi na mke wangu Mwikali tuliachana mwaka jana, kwa maneno wala si kwa mikono. Yeye akabaki na binti yetu Kache, wa miaka saba, nami nikabaki na redio.

Nikaona nimeonewa. Siku moja nikamchukua Kache shuleni bila kumwambia mamake, nikampeleka kwa mamangu Kaloleni, nikazima simu. Siku tano nzima. Mimi niliita mapenzi. Mwikali aliita polisi.

Nikashikwa mbele ya mtoto, nikiwa na kikombe cha uji mkononi.

Hakimu wa mahakama ya watoto hakuita chochote. Aliandika tu kwamba baba atamwona mtoto mara moja kwa wiki, saa moja, mbele ya msimamizi, katika kituo kimoja huko Mbaraki. Na kabla ya hapo, baba apikwe kwanza. Neno "apikwe" ni langu. Yeye aliandika "aandaliwe".

Mpishi wangu akawa Bi. Fadhiya.

Bi. Fadhiya ni mzaliwa wa Kibokoni, mama wa makamo. Buibui lake halina hata kunyanzi moja, na kalamu yake haina haya. Siku ya kwanza aliniuliza hali, akauliza za nyumbani, za kazini na za wazee, nami nikajibu njema, njema, njema, mpaka nikadhani nimekwenda kuposa. Kisha akafungua faili.

"Baba Kache," akasema, "una ziara tatu. Ukizimaliza salama naandika ripoti nzuri, na hakimu huenda akakupa Jumapili zako. Utamchukua mwanao mwende ufukweni Mama Ngina mkale mihogo, bila ya mimi kuwafuata nyuma. Ukiharibu, zasimama zote. Wanifahamu?"

"Nakufahamu, Bi. Fadhiya."

"Hao wanaosema upesi 'nakufahamu' ndio huniletea kazi."

Akaanza kuninyooshea vidole, kimoja kimoja.

"Usimuulize habari za mamake. Usimuulize habari za nyumbani kwao. Usimuahidi kitu. Usije na zawadi siku ya kwanza, mtoto si wa kununuliwa. Usilie mbele yake. Ukitaka kulia, choo kiko kule. Na kubwa kuliko yote, usianze wewe. Mwache mtoto aanze. Akitaka kusema atasema, akitaka kuja atakuja."

Nilicheka moyoni. Mimi, mwanamume wa miaka thelathini na minane, nifunzwe kukaa na mwanangu? Mtoto niliyemwogesha, nikamsuka nywele siku mamake alipokuwa mgonjwa, hata shuleni wakadhani amepigana?

"Wacheka," akasema Bi. Fadhiya, na wala sikuwa nimeonyesha jino. "Vizuri. Twende mazoezini. Mzee Dzoro! Ndoo hapa uwe mtoto."

Mzee Dzoro ndiye bawabu wa kituo. Ana miaka sitini na kitu, masharubu meupe, na rungu. Aliliegemeza rungu mlangoni, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha plastiki cha watoto. Magoti yakamfika kidevuni.

"Mimi ni Kache," akasema kwa sauti nzito. "Nina miaka saba."

Nikaangua kicheko. Bi. Fadhiya akaandika.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Kwamba baba amemcheka mtoto."

Kicheko kikanikauka.

"Baba," akasema Mzee Dzoro, "mbona siku zote hizi hukuja kuniona?"

"Kwa sababu mamako..."

"Kosa," akasema Bi. Fadhiya.

"Baba, utaninunulia baiskeli?"

"Nitakununulia hata mbili."

"Kosa."

"Baba, wanipenda?"

Hilo nililiona jepesi. Nikavuta kiti karibu, nikamtazama mzee wa watu machoni. "Nakupenda kuliko mtu yeyote duniani."

"Kosa."

"Sasa hilo nalo ni kosa gani, Bi. Fadhiya?"

"Wamtwika mzigo. Akirudi nyumbani atajiuliza, mama naye si mtu? Sema nakupenda, ukome hapo hapo. Nyinyi wanaume, mapenzi yenu lazima yamshinde mtu."

Mzee Dzoro akatikisa kichwa kunisikitikia. Nadhani hapo alikuwa hajui kama yeye ni mtoto au ni bawabu.

Wiki ile ya kwanza nilifanya makosa kumi na manne. Wiki ya pili sita. Kazini nikawa natembea huku nanong'ona, "Nakupenda, basi. Nakupenda, basi," mpaka dereva mmoja wa lori akaniuliza kama mchumba ni mkali sana.

Wiki ya tatu nilikwenda nimejaa majivuno. Mzee Dzoro akaniuliza ya baiskeli, nikampita. Akaniuliza ya mama, nikampita. Bi. Fadhiya alikuwa anaelekea kufunga faili.

Hapo Mzee Dzoro akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye karatasi ya maswali aliyopewa.

"Baba, siku zile ulizonipeleka kwa bibi, mama alikuwa akinitafuta. Mbona hukumwambia niko wapi?"

Nikamtazama Bi. Fadhiya. Kumbe hata yeye hakulitarajia. Kalamu ilikuwa hewani.

Jibu la swali hilo nilikuwa nimeshalitoa mara nyingi. Nilimpa hakimu lake, mamangu lake, na wenzangu wa yadini lao. Hakuna hata moja lililofaa kumwambia mtoto, hata mtoto mwenye masharubu.

"Nilikosea," nikasema. "Mama alikutafuta siku tano, nami nilijua uliko. Lilikuwa kosa langu. Si lako, wala si la mama."

Hakuna aliyesema kosa. Mzee Dzoro akavaa kofia yake taratibu, akasema kuna mtu anabisha langoni. Mimi sikusikia mtu. Nikaenda kukitafuta kile choo nilichoelekezwa siku ya kwanza, na sitaki kueleza zaidi.

Nilipotoka, Bi. Fadhiya alikuwa akinisubiri ukumbini.

"Jumamosi, saa nne," akasema. "Uko tayari."

Jumamosi saa tatu kasorobo nilikuwa nimeshafika, shati limepigwa pasi mara mbili. Pale kituoni wazazi hawakutanishwi. Baba huingia kwa lango la mbele, mama humleta mtoto kwa lango la nyuma, na ziara ikiisha baba hungoja robo saa ndani mpaka wenziwe waende zao. Ni utaratibu mzuri. Umewaepushia watu wengi kuraruana nguo.

Chumba kilikuwa kidogo. Mkeka, meza fupi, sanduku la matofali ya plastiki ya kuchezea, na pembeni kiti cha Bi. Fadhiya. Msimamizi haruhusiwi kuingilia ila kukiwa na hatari. Kazi yake ni macho na kalamu.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa. Dada Trizah, yule anayewaandaa watoto, akamwingiza Kache, akamwacha, akatoka.

Miezi minne nilikuwa sijamwona. Alikuwa amerefuka. Meno mawili ya mbele hayapo. Gauni lile la buluu lililokuwa likimfika vifundoni sasa lilikuwa magotini. Moyo ulinipiga hata nikaogopa Bi. Fadhiya ataandika.

Nilitaka kuruka nimkumbatie. Nikakumbuka: usianze wewe.

Kache akaketi ng'ambo ya meza, mikono mapajani. Akanitazama. Nikamtazama. Nikangoja anisalimu. Kwetu mdogo ndiye huanza, na mwanangu ana adabu. Tangu aanze kusema, shikamoo haijampita.

Dakika tano zikapita. Kimya.

Dakika kumi. Nje lori moja likapiga honi, sote wawili tukashtuka, kisha tukarudi kutazamana.

Sasa sikiliza balaa, ambalo mimi nililijua baadaye. Huko chumba cha pili Dada Trizah naye alikuwa amemfunza Kache kwa wiki tatu: "Si lazima umkimbilie baba. Si lazima hata umsalimu. Ngoja baba aanze, na ukijisikia sawa ndipo umjibu." Kila mwalimu alifundisha vizuri, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe anafundisha nini. Na sisi, baba na binti, tukawa wanafunzi hodari kuliko wote waliowahi kupita pale.

Bi. Fadhiya alikuwa akiandika kila baada ya dakika tano. Siku nyingine alinionyesha ile karatasi. Mstari wa kwanza ulisema, "Wanatazamana." Wa pili, "Wanatazamana." Wa nne, "Bado wanatazamana." Wa tano ulikuwa na neno moja tu: "Yarabi."

Ilipofika dakika ya ishirini na tano, majivuno yalikuwa yameniisha. Nilijiambia, huyu hakutaki tena. Umemtisha. Alikuona umeshikwa na polisi na uji ukakumwagikia, na sasa ameletwa hapa kwa amri ya mahakama kama vile wewe ulivyoletwa. Iliniuma, ndugu msomaji, pahala ambapo hata sikujua nina pahala.

Mikono, ikikosa la kufanya, hufanya iliyozoea. Yangu ikatoa matofali sandukuni na kuanza kuyapanga juu ya meza kama makontena, marefu na mafupi, safu kwa safu. Lakini akili haikuwapo. Nikaweka mafupi mawili juu ya refu moja. Yadini ningefukuzwa kwa hilo, maana katikati ya lile refu hakuna pembe za kuyashika mafupi. Yakiguswa na lori tu, yanaanguka.

"Si hivyo."

Nikaganda.

"Mafupi hayakai juu ya refu," akasema Kache. "Refu ndilo linakaa juu ya mafupi. Ulinifunza wewe."

Bi. Fadhiya aliinua kichwa mara moja, akakirudisha.

"Nisamehe, mkubwa wangu," nikasema.

"Ondoa."

Nikaondoa. Akainuka, akazunguka meza, akaja kuketi ubavuni mwangu, akayapanga yeye. Alikuwa akinuka mafuta ya nazi na penseli.

"Sasa mimi ni karani," akasema, "na wewe ni dereva. Karatasi yako iko wapi?"

"Hii hapa, mama karani."

"Haina muhuri. Rudi ukangoje."

"Nimengoja tangu asubuhi, mama."

"Nyote mwasema hivyo."

Hilo ndilo neno langu la kila siku pale kidirishani! Hata kidevu alikiinua kama mimi. Kumbe zile siku nilizokuwa nikienda naye kazini, nikidhani anachora maua, alikuwa ananisoma. Bi. Fadhiya alijifunika mdomo kwa ncha ya buibui, mabega yanamtikisika.

Nikarudishwa foleni mara tatu. Nikaambiwa lori langu chafu. Nikaambiwa nisiegemee kaunta. Mara ya nne akanihurumia, akachukua lile sanduku tupu likawa lori, akaanza kulipakia.

"Hiki kitanda. Hii friji. Hizi nguo, na hivi vyombo, usivivunje. Funga kamba vizuri, safari ni ndefu."

"Mzigo waenda wapi, mama karani?"

Kache akanitazama, kisha akamtazama Bi. Fadhiya.

"Dereva haulizi sana," akasema.

Nikacheka. Nilicheka kweli, mjinga mimi.

"Dakika mbili," akasema Bi. Fadhiya, na sauti yake ilikuwa laini. "Muagane."

Saa ilikuwa imekwisha, na nusu yake tuliitupa kwa kutazamana, lakini sikujuta. Nilisema lile la mazoezini, nikakoma palepale panapotakiwa. "Nakupenda, Kache." Sikumtwika kitu.

Akanishika mkono, akaubusu.

"Shikamoo, baba. Nilisahau."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanivuta shingo, akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Lori la kweli laja Ijumaa," akanong'ona. "Twahamia Kitui kwa nyanya mzaa mama, hatutarudi tena. Mama ameniambia nisimwambie mtu. Lakini wewe si mtu, wewe ni baba."

Nikageuka kumtazama.

"Usiseme," akaongeza upesi. "Watamshika mama, kama walivyokushika wewe."

Akaniachia. Dada Trizah alikuwa ameshafungua mlango. Kache akatoka akirukaruka, na pale mlangoni akageuka, akanionyesha lile pengo la meno.

Nikabaki nimepiga magoti mkekani. Watu husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Siku tano nilimtia Mwikali mkuki huo, nikauita mapenzi. Sasa nilijua alivyokesha, na nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja, hata sikujua lipi lilitangulia.

Yeye anahama kimya kimya kwa kuwa aliniogopa. Nani alimfunza kuniogopa? Mimi.

Nikisema, mahakama itazuia lile lori, na Kache atabaki Mombasa. Lakini Mwikali atapelekwa mbele ya hakimu kama nilivyopelekwa, na mtoto atajua kwamba siri ya kwanza aliyonipa niliitoa kabla yeye hajafika langoni. Nisiposema, Jumamosi ijayo nitaketi hapa peke yangu na haya matofali, na Jumamosi zote baada yake.

Bi. Fadhiya alisogeza kiti chake akaketi karibu nami, faili mapajani.

"Baba Kache, nimesimamia ziara nyingi," akasema. "Nyengine nimetoka nikilia. Hii nimetoka nikicheka, na Mungu ananiona. Ripoti yako ni nzuri. Kwa hii moja tu waweza kumaliza nusu ya safari."

"Ahsante, Bi. Fadhiya."

"Limebaki jambo moja." Akafungua kifuniko cha kalamu. "Mtoto amekunong'oneza. Humu hakuna kunong'onezana, bango lile la ukutani lasema. Si kwa ubaya, ni kwa ajili yake. Lazima niandike alilosema. Nikiacha wazi, hakimu atauliza, na ripoti yote itakuwa kazi bure."

Nikasimama nisogee dirishani nipate hewa. Sikukusudia kuchungulia. Lakini dirisha lile laona lango la nyuma.

Mwikali alikuwa ameinama, anamfunga Kache kiatu. Alikuwa amekonda. Alikuwa akimuuliza mtoto jambo, nafikiri alimuuliza ilikuwaje, kwa kuwa Kache alikuwa akiitikia kwa kichwa bila kumsikiliza. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la mamake, yamenifikia mimi pale dirishani.

"Baba Kache," akasema Bi. Fadhiya nyuma yangu. "Amekwambia nini?"

Kache hakupunga mkono. Alikuwa akiutazama mdomo wangu, na mimi mdomo nilikuwa nimeshaufungua.